Amechelewa Tangu Tarehe Tisa

Jumapili, 26 Machi 1995

Leo nimekuwa mtu! Miaka kumi na moja niligonga mashine ya kuandikia katika ofisi za usine, kiwanda cha hapa, hakuna aliyenipigia vigelegele hata siku moja. Leo nimepigiwa.

Baada ya misa Mama Berthe aliniita kutoka upande wake wa ua. Barua imefika kutoka Zambia. Alphonse, shofa wa lori, aliipokea mpakani Kasumbalesa akaileta mfukoni. Bahasha imekunjwa mara nne, inanuka mazuti ya lori. Ndani — Kingereza kitupu! Si Firmin aliyeiandika. Ni Phiri, anayekaa naye chumba kimoja kule Chingola. Phiri hajui Kifaransa wala Kiswahili.

Firmin ni mtoto wa pekee wa Mama Berthe. Aliondoka mwaka jana, mwezi wa tano, mishahara ilipokatika kabisa, akaenda kuchomelea vyuma katika garaji ya watu. Alimwacha mkewe Simone na mimba. Sasa Viviane ana miezi sita na baba yake hajamwona. Aliahidi kuja mwanzo wa Machi, mtoto abatizwe. Hakuja. Kimya.

"Hortense, weye njo unasoma Kingereza. Soma, mama."

Nikasoma. Kwanza kwa Kingereza, kwa sauti, kwa majivuno — naandika hapa hapa kwamba ni kwa majivuno. Uani watu wakanyamaza kama kwenye Injili. Kisha nikageuza kwa Kiswahili. Phiri anasikitika kutuambia kwamba Firmin "is late" tangu tarehe tisa. Late! Neno la somo la pili kabisa. Chelewa. Firmin amechelewa tangu tarehe tisa. Kisha: Jumamosi ya tarehe kumi na moja "he was put to rest", watu wote wa garaji walikuwapo. Amewekwa kwenye mapumziko. Konje, likizo! Kisha: vitu vyake vitakuja na shofa. Muwe na nguvu. Mungu awe nanyi.

Mama Berthe alipiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Bamemupa konje! Minye niliwaambia! Anakuja, bitu bikamutangulia!" Simone alimwinua mtoto juu ya kichwa chake, akamshusha, akamwinua tena.

Kulikuwa na sentensi moja mwishoni. "We are sorry for your loss." Loss — kupoteza. Nani amepoteza nini? Haikuingia mahali popote. Nikairuka. Hakuna aliyegundua.

Jioni Mama Berthe ametuletea kuku. Mzima, na miguu yake! Papa, baba yangu, amekula firigisi, amesema hajala firigisi tangu Noeli ya mwaka juzi.

Jumanne, 28 Machi

Somo kwa Monsieur Constantin. Alifundisha Kingereza chuoni miaka thelathini. Sasa anatufundisha sisi wanne sebuleni kwake, na ubao ni mlango wa kabati alioung'oa. Kila mtu analeta alichonacho. Mimi nilipeleka makala, mkaa wa kupikia, nusu ndoo.

Leo: misemo. Anasema Mwingereza hapendi kugonga mlango wa mbele, anazunguka nyuma ya nyumba. Mfano: "spill the beans". Kumwaga maharagwe. Maana yake kutoa siri. Tulicheka sana — kumwaga maharagwe, katika mwaka kama huu? Mtu angepigwa! Mwingine: "cold feet". Miguu ya baridi. Ni kuogopa saa ile ya kufanya jambo ulilokwisha kukusudia. Mwingine: "better late than never". Heri kuchelewa kuliko kutofika kabisa.

Huo wa mwisho nimempelekea Mama Berthe kama zawadi. Ameushika mara moja. Sasa yuko bombani anauimba, "Beta leti dani neva, beta leti dani neva," anawafundisha wanawake wenzake wa foleni.

Nilitaka kumwuliza Monsieur ile sentensi ya kupoteza. Ilikuwa ulimini. Lakini Bertin alikuwa amekaa pembeni yangu, yeye anayecheka matamshi ya kila mtu, na ingenibidi kusema kwamba nimewasomea watu barua nisiyoielewa yote. Nikafunga daftari.

Jumamosi, 1 Aprili

Simone amesuka nywele. Mistari midogo midogo, kutwa nzima kwenye kigoda, mtoto akinyonya huku mama yake anasukwa. Amependeza, tangu aolewe sijamwona hivyo. Ameniuliza kwa sauti ya chini kama Firmin atamtambua. Mwaka mmoja si miaka kumi, nikamwambia. Akaona haya, akauficha uso kwa kitenge.

Ubatizo umewekwa siku ya Pasaka. Mama Berthe mwenyewe ameenda kwa paroko kuomba. Na ameniomba mimi niwe mama wa ubatizo! "Weye njo ulituletea habari." Nimekubali. Papa ananitania, ananiita Madame l'Interprète, Bibi Mkalimani.

Umeme umekatika tangu jana. Wanasema ni Mwadingusha, bwawa la umeme, maji yamepungua. Kila mwaka ni Mwadingusha.

Alhamisi, 6 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Soko la asubuhi. Kuna mama mmoja Mzambia anayeuza sabuni na mitumba karibu na wauza unga. Mnene, mcheshi. Kila Alhamisi nasimama kwake kujaribu Kingereza changu. Leo niliuliza anasafiri na nani. Peke yake. Na mumeo, naye anafanya biashara? Akasema, huku anakunja suruali, "My husband is late."

Nikaelewa! Nikafurahi kuelewa. Nikamwuliza atafika saa ngapi.

Alinitazama. Akaacha kukunja. Nikadhani nimekosea kitenzi, nikarudia swali, polepole zaidi. Akanishika mkono, akasema kwa Kibemba, maana aliona Kingereza hakinifikishi: "Alifwa."

Amekufa. Miaka mitatu sasa. Njo vile wanasema kwao, kwa heshima. Mtu aliyekufa amechelewa.

Sabuni niliyonunua niliiacha pale. Nimetembea mpaka kituo cha treni na kurudi, sijui kwa nini kituo cha treni.

Ijumaa, 7 Aprili

Si konje. Walimzika. Jumamosi ile, watu wote wa garaji, walimzika.

Na ile sentensi. Sasa naisoma kama maji. Poleni kwa msiba. Hiyo tu. Maneno yaleyale anayosema kila mtu akiingia kwenye kilio, hata mtoto wa miaka mitano anayasema.

Kukosea neno "late" — labda si dhambi. Lakini ile sentensi niliiona. Niliona haitoshei. Nilijua kabisa kwamba mtu aliyechelewa haandikiwi "sorry" mara mbili katika barua moja. Nikairuka kwa sababu watu walikuwa wanafurahi na mimi nilikuwa katikati ya furaha yao. Sikukosea. Nilimeza.

Na kuku wao nikala.

Jumamosi, 8 Aprili

Nilikwenda kwa Monsieur Constantin. Nikiomba ndani yangu kwamba yule mama wa soko amedanganya, au kwamba ni usemi wa kijiji chake tu. Alileta kamusi yake isiyo na jalada, akafuata mstari kwa kidole. Late: maana ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne — marehemu.

"Hii naifahamu," akasema, "lakini katika vitabu vyangu inakaa mbele ya jina. Kumbe Wazambia wanaisimamisha peke yake." Akavua miwani. "Nani amekufa?"

Nikasema hakuna, ni zoezi tu.

Akafuta ubao. Ulikuwa hauna kitu, na aliufuta. Kisha akasema kama kuna mwanafunzi wake aliyegeuza vibaya, basi nusu ya kosa ni lake, maana alimfundisha maana moja akamwacha aende. Nilikaribia sana kumwachia hiyo nusu. Mzee wa watu, na shati lake lililogeuzwa kola! Niliaga haraka.

Kesho, baada ya misa, namwambia Mama Berthe. Naandika ili nisirudi nyuma. Kesho.

Jumapili ya Matawi, 9 Aprili

Sikumwambia.

Nilimkuta nje ya kanisa na tawi lake mkononi. Kabla sijafungua kinywa akanikumbatia mbele ya watu. Amemwombea mwenye kusoma barua, akasema, katika sala za waamini, kwa sauti. "Leo mwezi muzima tangu achelewe! Aje tu. Beta leti dani neva!" Akacheka, akacheza hatua mbili palepale na tawi lake.

Mwezi mzima. Ni kweli. Tarehe tisa.

Miguu ya baridi. Monsieur hakutuambia kwamba baridi yenyewe inapanda mpaka magotini.

Jumatatu, 10 Aprili

Simone anapaka chokaa nyumba yote, ndani na nje. Aliniita nimsaidie. Ningesema nini? Nilimshikia ndoo. Kutwa nzima nilimshikia ndoo, yeye juu ya meza, mimi chini, chokaa ikinidondokea. Alikuwa anaimba. Alinieleza mambo ya Firmin ambayo mke hasemi kwa jirani: kwamba akilala anashika ncha ya kitenge chake kama mtoto. Kwamba waligombana siku ile ya kuondoka, kwa ajili ya sufuria, na tangu hapo anaona aibu ya ile sufuria.

"Akifika njo nitamwambia," akasema.

Nikasema ndiyo.

Nilisema ndiyo!

Jumanne, 11 Aprili

Nimekwenda kuungama. Foleni ndefu, juma takatifu, kila mtu anakumbuka roho yake. Nilieleza yote. Padri akauliza kama wameshaambiwa. Bado, Padri.

"Sasa weye unaomba Mungu akusamehe kintu ungali unakifanya."

Akasema niende kwanza, kisha nirudi. Akasema akitakiwa atakuja nami. Nikajibu nitakwenda peke yangu. Kwa nini nilijibu hivyo? Majivuno tena. Hata katika kuungama.

Nilifika mpaka kwenye ua. Mama Berthe alikuwa anapeta mchele — mchele! — wa siku ya ubatizo. Dada zake wa Kapolowe wameuleta. Nikamwomba chumvi. Nikarudi na chumvi.

Najidanganya hivi: acha wafurahi mpaka Pasaka. Siku tano za furaha zaidi, zitamdhuru nani? Kisha namkumbuka Simone na nywele zake. Dada wa Kapolowe ni wakali. Mjane aliyesuka nywele, aliyeimba, aliyepaka nyumba chokaa wakati mumewe yuko ardhini: watasema hivyo, na hawatauliza nani aliyesoma barua.

Alhamisi, 13 Aprili

Mkoba umekuja.

Alphonse ameuleta mchana. Yeye hajui kitu. Hafiki Chingola, anapokea mizigo mpakani tu. Mama Berthe aliufungua mbele ya wote, juu ya mkeka. Suruali mbili. Miwani ya kuchomelea. Radio ndogo. Sweta aliyoifuma Mama Berthe mwenyewe. Gauni dogo jeupe la mtoto, bado na karatasi ya duka. Kila kitu alikiinua juu, akakitaja kama mnadani. "Muone! Ametanguliza bitu ili asisumbuke njiani!"

Chini kabisa, viatu. Vyeusi, vya kamba, vimepakwa rangi vikang'aa.

Simone alivichukua. Akavigeuza, akatazama soli. Nilimwona anaingiza kidole kwenye tundu la soli ya kushoto.

"Mama," akasema, "Firmin iko na viatu bingapi?"

"Hivi tu. Vingine atanunua wapi?"

"Basi anakuja na miguu ya wazi? Kutoka Zambia?"

Mama Berthe akasema amenunua vipya, mtoto wake si mjinga, aje nyumbani na viatu vya tundu? Akacheka. Dada zake wakacheka.

Simone hakutazama mkoba tena. Alinitazama mimi. Nikainama kukusanya karatasi ya gauni, nikaikunja vizuri sana, ndogo, ndogo zaidi.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Simone alikuja asubuhi, Papa akiwa nje. Peke yake, bila mtoto. Barua mkononi.

"Soma tena. Si kwa Mama. Kwa minye. Neno kwa neno."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilipofika kwenye "late" sikugeuza mara moja. Akangoja. Nikasema: Simone, kwao neno hili maana yake ni kufa. Firmin alikufa tarehe tisa. Walimzika Jumamosi. Nikasema na ile ya mwisho, niliyoiruka. Poleni kwa msiba. Sikuruka kitu.

Hakulia. Aliketi kwenye kiti cha Papa, mikono juu ya magoti.

"Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu jana. Ilikuwa tayari kinywani.

"Alhamisi ya juma lililopita. Sokoni."

Alihesabu kwa vidole. Siku nane. Akarudi nyuma siku moja moja, nilimwona midomo inavyotembea, mpaka akafika Jumatatu.

"Ulinishikia ndoo," akasema.

"Ndiyo."

"Minye niko naimba."

"Ndiyo, Simone."

Akainua mikono akaanza kufumua nywele. Pale pale, kwenye kiti cha Papa. Msuko mmoja, wa pili, nyuzi zinaanguka sakafuni. Niliogopa hata kuhama mahali nilipo. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akasogeza kichwa. Akaendelea peke yake upande wa mbele, upande wa kulia. Nyuma hakufika vizuri, vidole vinateleza. Alijaribu mara nyingi. Mwishowe akageuza kiti, akanipa kisogo.

Tulifumua pamoja mpaka kengele ya Njia ya Msalaba. Nywele zake zilikuwa na chembe za chokaa.

Alipojifunga kitambaa akasema: "Kwa Mama, minye siwezi. Atasema nimemuombea mutoto wake kufa. Weye njo ulisoma, weye njo utasoma. Kesho. Usipokuja, nitakuja kukuchukua."

Akachukua hata nyuzi zilizoanguka. Zote. Sakafu imebaki safi.

Jumamosi, 15 Aprili

Asubuhi. Nimeamka mapema nikaandika barua yote upya kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kwa herufi kubwa kama za ofisini. Nimempa Papa aisome kwanza. Alisoma akiwa amesimama. Hakuniita Madame l'Interprète. Alikwenda chumbani, akarudi amevaa koti lake la misa, akasema tunakwenda wawili.

Tulikwenda. Mama Berthe alikuwa ameshapanga mabenchi ya kuazima uani, kwa ajili ya wageni wa kesho. Mikono yake ina unga mpaka viwikoni. Amemwona Papa na koti, akashangaa, akafurahi — wageni rasmi! Nikasema, Mama, kuna jambo la ile barua. Akasema barua haina miguu, haikimbii. Tukae kwanza, maji yako motoni, tunywe chai, tena leo kuna sukari. Nikatazama mkononi mwangu. Karatasi sikuwa nayo. Nilikuwa nimeiacha mezani kwetu, au nilitaka kuiacha, sijui.

Nimerudi kuichukua. Ipo hapa, chini ya daftari hili. Naandika nikiwa nimesimama.

Simone yuko mlangoni kwetu, kitambaa kichwani, mtoto mgongoni. Haniharakishi. Papa amebaki kule, nasikia anakohoa kwa adabu, namna anavyokohoa kanisani. Dada wa Kapolowe wanauliza mbona Simone amejifunga kichwa siku kama hii, na Mama Berthe anawajibu kwamba ni vumbi la chokaa, mwacheni mke wa mtoto wangu.

Sasa anapanga vikombe. Ukuta wetu ni mwembamba na anahesabu kwa sauti kubwa, kama mtu anayetaka majirani wajue ana vikombe vya kutosha. Kimoja cha Papa Hortense. Kimoja cha Hortense. Kimoja cha Simone. Viwili vya dada. Na hiki cha maua, anasema, mtu asikiguse, hiki ni cha Firmin, maana anaweza kuingia hata sasa hivi.